Ngeli, Urithi na Falaj: Historia ya Programu za Vitu, Kutoka Oslo Hadi Tanuf

Mhariri alipotangaza kuwa toleo hili litakuwa la historia, wenzetu wengi katika chama walidhani sisi watoto wa Tanuf tutaandika juu ya magofu. Ni haki yao. Kila anayepita njia ya Nizwa kwenda Bahla anaweza kukata kona akayaona: kuta za udongo za kijiji cha zamani, chini ya mlima, zilizobomolewa katika vita vya Jabal Akhdar miaka ya 1950. Lakini habari hizo zimeshaandikwa na watu wazima wenye elimu kuliko sisi. Tumechagua historia nyengine, ya jambo tunalolisoma mwaka huu na linalowatoa jasho wenzetu wa mwaka wa kwanza: kuandika programu za kompyuta kwa njia ya vitu.

Sababu yetu ni hii. Katika mkutano uliopita lililetwa pendekezo kwamba chama kiwe na kikao kila Alkhamisi jioni cha kuwasaidia wanaoanza somo hili, na kikao kiendeshwe kwa Kiswahili. Mwenzetu mmoja akasimama akasema Kiswahili chetu ni cha jikoni na cha harusini, kompyuta hakiiwezi, tusiwapotezee watu muda. Baadhi walicheka, lakini hakuna aliyemjibu. Darasani tunasoma kwa Kiingereza, ukumbini tunazungumza Kiarabu, na Kiswahili kinatungoja nyumbani kwa mama na bibi. Kikibaki huko huko, watoto wetu watakijua kwa majina ya vyakula tu. Kura itapigwa mkutano ujao, na makala haya ndiyo jibu letu.

Tuanzie Oslo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika Kituo cha Kompyuta cha Norway, Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl walikuwa na shida ya kazi, si ya nadharia. Nygaard alitoka katika mahesabu ya utafiti wa ulinzi wa nchi yake, na alichokitaka ni chombo cha kuigiza mambo ya dunia ndani ya kompyuta: foleni ya watu, mitambo ya kiwanda, meli bandarini. Programu za siku zile zilifanana na barua ndefu ya maagizo. Fanya hili, kisha lile, rudi juu, endelea. Namba zote zimemwagwa mahali pamoja na kila agizo linaweza kuzigusa. Ukitaka kuigiza foleni kwa barua ya namna hiyo utaweza, ila ukibadilisha jambo moja huna hakika nini kitaharibika kwengine.

Wakatengeneza lugha wakaiita Simula. Ilifanya kazi, lakini kuna jambo liliwakera. Wenyewe wameeleza kwamba mfano waliokuwa wakiujadili ni daraja lenye kituo cha kutoza ushuru, magari yakipanga foleni: malori na mabasi. Lori lina shehena, basi lina abiria. Lakini vyote viwili vinafika, vinangoja, vinalipa na vinapita. Kwa nini kuyaandika mara mbili mambo yaliyo sawa? Majira ya baridi ya 1966 kuingia 1967 walipata jawabu. Andika mara moja yale ya pamoja, yaite gari, kisha sema lori ni gari lenye ziada hii, na basi ni gari lenye ziada ile. Mwingereza C. A. R. Hoare alikuwa ameshafikiria kuzipanga kumbukumbu katika makundi, naye ndiye waliyepata kwake neno lenyewe linalotajwa leo katika kila kitabu cha somo hili. Mei 1967 wakaionesha lugha mpya, Simula 67, katika mkutano karibu na Oslo. Ndani yake mlikuwamo karibu kila kitu ambacho mwalimu wetu hutuandikia ubaoni leo.

Hapa tusimame kidogo, maana hilo neno la Hoare ndilo linalotuhusu. Wanaofasiri kwa haraka hulitia kwa Kiswahili "darasa". Darasa ni chumba chenye viti na mwalimu, na mwanafunzi mgeni akisikia "darasa la Gari" anaona skuli ya udereva. Neno tunalo tayari, nalo ni ngeli. Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyefanyia kazi yake Cape Town, alizipanga ngeli za lugha za Kibantu kwa namba katika kitabu kilichoanza kutoka 1862, miaka zaidi ya 100 kabla ya Simula 67. Sarufi za Kiswahili zimeshughulika na ngeli tangu hapo, na walimu wetu wa lugha wametuchosha nazo.

Sasa tazama mtoto aliyelelewa na bibi anayesema Kiswahili. Hajasoma sarufi hata siku moja, lakini anasema kiti kimevunjika, mti umevunjika, yai limevunjika. Kitenzi ni kimoja, na kila jina linakijibu kwa namna ya ngeli yake. Bibi hakumpa orodha. Kitabu chetu cha Kiingereza kina sura nzima, yenye jina refu la Kiyunani, kueleza kwamba agizo moja likipelekwa kwa vitu vya ngeli mbalimbali, kila kimoja kitalitekeleza kwa namna yake. Wenzetu wasiojua Kiswahili waliisoma sura hiyo mara tatu.

Kuna na kiboko. Kwa umbo ni ndugu wa kiti na kikombe, lakini hakuna Mswahili anayesema kiboko kimelala. Kiboko amelala. Sura yake inamvuta upande wa KI-VI, uhai wake unamtia katika kanuni ya viumbe, na kanuni hiyo inashinda. Katika programu nako ngeli ya mtoto inaweza kuifuta kanuni ya mzazi ikaweka yake. Mfano huu una mpaka, na tunautaja kabla walimu wetu wa isimu hawajatushika: ngeli ya nomino haibebi kazi ndani yake kama ngeli ya programu inavyobeba. Inapanga upatanisho tu. Kwa anayeanza, hata hivyo, mlango huo unatosha kuingilia.

Kutoka Oslo habari ilihamia Marekani. Alan Kay, aliyekuwa amesoma hisabati na biolojia, aliiona Simula na pia programu ya kuchora ya Ivan Sutherland ya mwaka 1963, na akafikiria chembe hai za mwili: kila moja imefungika kwa utando wake, na zinashirikiana kwa kupelekeana ujumbe. Katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, yeye na wenzake, Dan Ingalls na Adele Goldberg miongoni mwao, walitengeneza Smalltalk kuanzia 1972. Kilichotupendeza sisi ni kwamba waliwakusudia watoto. Goldberg aliwafundisha wanafunzi wa skuli ya hapo hapo mjini, na watoto wakatengeneza programu zao za kuchora na za michezo.

Halafu wakajaribu kwa watu wazima. Watumishi wapatao 20 wa maabara ile, wasiojua kuandika programu, walifundishwa mambo yale yale, na mwanzoni wakaenda mbio kuliko watoto. Kisha mmoja wao akabuni kazi ndogo: kutengeneza mahali pa kuhifadhi majina na anwani, kama kadi za mezani ofisini. Wakakwama. Kay ameandika kwamba alikaa akaihesabu kazi ile "ndogo", akaona ndani yake mna mawazo 17 yasiyojionesha wazi, na yeye aliyeijua hakuwa akiyaona tena kama mawazo. Tungependa kila anayefundisha wanaoanza aisome habari hiyo. Anayekwama kwenye zoezi la anwani si mjinga. Amepewa mambo 17 akaambiwa ni moja.

Yaliyofuata yanajulikana na tutayapita haraka. Bjarne Stroustrup, Mdenmaki aliyekuwa ameitumia Simula alipokuwa akisoma Cambridge, alianza mwaka 1979 kutia ngeli ndani ya lugha ya C, na ikaja kuwa C++. Guido van Rossum alitoa Python mwaka 1991 kutoka Amsterdam. Mwaka 1995 ikatoka Java ya James Gosling na wenzake, iliyoitwa Oak kwanza, kisha ikapewa jina la kahawa pamoja na alama ya kikombe kinachofuka moshi. (Jina la kahawa lingewafaa zaidi watu wa Nizwa, lakini hatukuulizwa.) Vyuo vingi duniani vikaihamia Java, na waalimu wakaanza kuzozana: anayeanza afundishwe vitu tangu siku ya kwanza, au afundishwe maagizo ya kawaida kwanza na vitu vije baadaye? Mwongozo mkubwa wa mitaala ya kompyuta wa 2001 uliiweka njia ya vitu kwanza kuwa mojawapo ya njia zinazokubalika. Michael Kölling na John Rosenberg walikuwa wameshatengeneza BlueJ huko Australia, programu inayomwonesha mwanafunzi ngeli zake kama visanduku anavyoweza kuvibonyeza. Ugomvi haujesha, na walimu wetu wenyewe wako kambi zote mbili.

Watu wetu walikuwa wapi wakati huo? Tumeweka tarehe kwa tarehe, na matokeo yalitunyamazisha. Simula ya kwanza ilikuwa inatengenezwa mapinduzi ya Unguja yalipotokea, Januari 1964, na familia zetu nyingi zikatawanyika: wengine Dar es Salaam na Mombasa, wengine Cairo, wengine Dubai na Kuwait. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza. Mwaka 1974, wakati watoto wa Palo Alto wakichora kwa Smalltalk, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, baada ya kuziingiza hesabu za serikali katika mashine kuleta hasara na mkorogano. Na huku Oman, hadi Julai 1970 nchi nzima ilikuwa na skuli rasmi 3. Sultan Qaboos alipowaita Waomani warudi, waliotoka Afrika Mashariki walikuja na elimu na Kiingereza, wakaingia katika wizara, mabenki na kampuni ya mafuta. Wengi waliandika kwa Kiingereza na kuzungumza Kiswahili mlango wa ofisi ukifungwa. Kwa hiyo Kiswahili kimeshakaa ofisini tangu zamani. Kilikosa kuandikwa tu.

Sasa turudi Tanuf. Vitabu vya wanaoanza vina mifano yao ya kudumu: mbwa ni mnyama, paka ni mnyama, mmoja anabweka na mwengine analia. Inaeleweka kwa dakika tano, na baada yake hujui uitumie wapi. Sisi tulitafuta kitu tunachokijua kwa miguu yetu, na Tanuf hakuna kitu cha namna hiyo kama falaj.

Falaj ni ngeli. Daris ya Nizwa, Al-Khatmeen ya Birkat al-Mouz na Al-Malki ya Izki ni vitu vya ngeli hiyo, na hizo tatu zimo katika zile tano zilizotiwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Oman ina mifereji hiyo ipatayo 3,000 inayofanya kazi. Kila mmoja una jina, una chanzo, una wenye hisa, na kila mmoja unajua kukusanya maji na kuyagawa. Wazee wetu wameigawa ngeli hiyo katika ngeli ndogo tatu kabla Norway haijawa na kompyuta. Daudi huchimbwa chini ya ardhi hadi kwenye kisima mama. Ghaili hukusanya maji ya juu ya wadi. Aini hutoka kwenye chemchemi. Namna ya kukusanya inatofautiana, lakini maji yakishafika shambani, mgao ni ule ule. Basi kazi ya kugawa iandikwe mara moja kwa mzazi, na kazi ya kukusanya kila mtoto aiandike upya. Hilo ndilo daraja la Nygaard na Dahl, na hapa halina malori.

Lililotusaidia zaidi lilikuwa jengine. Kila kitabu kinasisitiza kwamba kitu kizifiche habari zake za ndani, na anayetaka jambo aliombe kwa njia iliyowekwa. Anayeanza huuliza: nifiche kwa nini, na programu yote ni yangu? Mzee wetu mmoja, aliyekulia Unguja akaja Tanuf akiwa kijana, alitupa jawabu bila ya kujua tunasoma nini. Tulimuuliza, "Babu, kwani mtu akijifungulia maji mwenyewe kuna nini?"

"Kuna nini! Mwenye zamu atapungukiwa, na jioni mtatuona mimi na baba zenu msikitini tunawaomba watu radhi. Mwambie arifu. Yeye ndiye anayejua maji yako wapi na saa hii ni ya nani."

Arifu ndiye mwenye kusimamia zamu. Hisa hupimwa kwa athar, ambayo ni kiasi cha nusu saa, na athar 24 aghalabu hufanya badda moja. Mchana zamani alipima kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa nyota. Leo, sehemu nyingi, anatazama saa ya mkononi. Zingatia jambo hili: nyota ziliachwa, saa ikaingia, na mwenye shamba hakubadilisha chochote katika namna anavyoomba maji yake. Angekuwa kila mtu anajihesabia nyota mwenyewe, siku ya kuhamia kwenye saa kijiji kizima kingegombana. Sura nzima ya kitabu imo humo. Tulipowaeleza hivyo wanafunzi watatu wa mwaka wa kwanza, mmoja wao alisema, "Kumbe arifu ndiye mlango." Neno hilo hatukumfundisha sisi.

Wako watakaosema mfano wa kijiji ni wa kuchezea, kazi yenyewe iko kwengine. Basi tuwape mfano wa kazi. Nygaard hakuishia kwenye Simula. Miaka ya 1970 alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma Norway, akishikilia kwamba anayeitumia mashine awe na sauti katika kuitengeneza. Wanafikra wa mkondo huo katika Chuo Kikuu cha Oslo walishirikiana na wenzao wa Afrika Kusini kuanzia 1994 kutengeneza mfumo wa taarifa za afya, na toleo lake la pili, DHIS2, limeandikwa kwa Java. Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011, Tanzania bara na Zanzibar wanautumia, na leo uko katika nchi zaidi ya 70. Muuguzi wa Pemba anapoingiza idadi ya watoto waliochanjwa, chini ya vidole vyake mna ngeli na vitu. Dahl na Nygaard walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001 na wakafariki wote wawili katika kiangazi cha 2002.

Linabaki suala la maneno, nalo ndilo lililotuchukua muda mrefu. Hatuanzi mwanzo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Lakini maneno yaliyohitajika pale ni ya mtumiaji: fungua, hifadhi, chapa, faili. Kenya wana tarakilishi, ambalo ndani yake unasikia tarakimu na akili, na wana baobonye na kipanya. Anayeandika programu anahitaji maneno mengine, na haya ndiyo tuliyoyapendekeza na kugombania.

Ngeli tumeshaieleza. Kwa kile kinachoundwa kutokana na ngeli, baadhi yetu walitaka "kiumbe", kwa kuwa Waarabu wanasema kaain, lakini akaunti ya benki kuitwa kiumbe ilitushinda, tukabaki na "kitu". Agizo linalopelekwa kwa kitu ni "ujumbe", na anachokijua kitu kufanya ni "kazi". Kuficha habari za ndani, wasichana wa kundi letu walileta neno "sitara", na mara moja hakuna aliyekumbuka maneno mengine yaliyokuwa mezani.

"Urithi" lilileta mjadala usiotarajiwa. Mwenzetu anayesoma sharia alisema urithi unataka mtu afe, kisha mali igawanywe kwa mafungu. Katika programu mzazi hafi, na kila mtoto anapata vyote kamili, wawe wawili au mia, bila ya mmoja kumpunguzia mwengine. Ni kweli. Tulifikiria "unasaba", tukafikiria "kurithisha". Mwishowe tulibaki na urithi, kwa hoja ya mwenzetu mwengine kwamba watu wanatuita sisi warithi wa lugha, na bibi aliyetupa Kiswahili bado yuko jikoni anakisema chote.

Zoezi la kwanza la kikao, kama kura itapita, litakuwa falaj hii hii, na tunakiri kuwa halijakamilika. Kuna hisa ambazo si za mtu, huuzwa kwa mnada na fedha zake huutengeneza mfereji. Wawili wetu wanasema mnada ni kazi ya ngeli ya Falaj, kwa sababu wakili wa falaj ndiye anayeuendesha. Wawili wanasema ni kazi ya ngeli ya Hisa. Wa tano anataka Wakili awe ngeli peke yake. Atakayekuja Alkhamisi aje na jawabu lake, na atueleze Wakili akibadilika katikati ya mwaka, hisa zilizokwisha kuuzwa zitamjuaje.